Kufagia na Kufukia

Kila alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri, Lydia alikuwa ameshashika ufagio. Mama yake, Raheli, alikuwa akifunga kaniki yake kiunoni na kutwaa jembe kwenda shambani, na Bibi Mgeni alikuwa ameshapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasaga uwele kwa kupapasa, kwa sababu macho yake yalikufa zamani. Lydia alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kuku.

Kuku wenyewe hawakuonekana. Huo ulikuwa mwaka 1915, mwaka wa pili wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza. Bunduki zilikuwa bado zinalia mbali, lakini askari wa Wadachi walipita vijiji vya kandokando ya reli, kuanzia Dodoma hadi Zuzu na Bahi, wakichukua walichokiona: mbuzi, mayai, asali, na watu wa kubebea mizigo. Matonya, baba yake Lydia, walimchukua mwezi wa sita. Mzigo wa kwanza waliombebesha ulikuwa kuku wake mwenyewe, tisa, wamefungwa miguu kwenye mti, vichwa vinaning'inia. Alitoka nao begani hivyo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeleta habari zake.

Raheli hakulia mbele ya watu. Aliwakusanya kuku waliokuwa wamekimbilia vichakani, akawachinja majogoo wote, kwa kuwa jogoo hajui kutunza siri, na matetea kumi na saba waliobaki akawaingiza chumba cha ndani kabisa cha tembe. Nyumba yao ilikuwa tembe kama tembe zote za Ugogo, ndefu, fupi kwenda juu, kuta za udongo na paa bapa la udongo, na mlango wa kuinamia. Chumba hicho cha ndani kilikuwa cha kuwekea vilindo, yale mapipa ya magome ya mti ya kuhifadhia nafaka. Mwaka huo vilindo viwili kati ya vitatu vilikuwa vitupu. Raheli akaliziba tobo la ukutani kwa matambara na udongo, sauti isitoke. Matetea wale ndio waliokuwa akiba ya nyumba. Mvua ikikosekana, angewapeleka Bahi mmoja mmoja, abadilishe na mtama, watoto wasife.

Lakini kuku hutoa mavi, na mavi hayo yalikuwa na hatari yake. Askari akiona mavi mabichi na manyoya jalalani, ameshajua. Ndiyo maana Raheli alimpa binti yake kazi ya vipande viwili. Kwanza akwangue sakafu ya chumba kwa kipande cha jembe kuukuu na kuifagia, kisha amwage majivu makavu. Pili abebe uchafu wote kwenye kikapu hadi korongoni, mto wa mchanga usio na maji, aufukie huko.

Bibi Mgeni ndiye aliyeifupisha kazi hiyo kwa Kiswahili ili Lydia asisahau. "Fagia ndani, fukia nje," alisema. Nyumbani walizungumza Kigogo, lakini Bibi Mgeni hakuwa Mgogo. Alikuja na msafara wa pembe miaka mingi nyuma, mpishi wa wapagazi, na macho yalipoanza kutoka usaha na kuziba, msafara ukamwacha njiani kama chungu kilichopasuka. Mama yake Matonya alimwokota. Jina lake halisi hakuna aliyeliuliza. Wakamwita Mgeni, na mgeni alibaki. Ni yeye aliyemfundisha Lydia Kiswahili, na Lydia alipokuwa mdogo aliyachanganya maneno hayo mawili kila siku. Alikuwa akisema, "Bibi, nimefukia uwanja," na kizee akicheka mpaka anashika mbavu, akimwuliza kama uwanja umekufa.

Kwa miezi mitatu Lydia alifagia na kufukia vizuri. Kisha likatokea jambo dogo.

Korongoni wasichana walikuwa wakichimba mchanga kutafuta maji. Asubuhi moja, Lydia akiwa ametoka kuficha kikapu chake, alikwenda kukaa nao kisimani. Loisi, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, akakunja pua. "Nyie, nani ananuka banda la kuku?" alisema. Wakacheka. Kisha mmoja akauliza, bila kucheka, kama kwao Lydia bado kuna kuku, maana nyumbani kwake yeye hawajaonja yai tangu kiangazi kianze.

Lydia akasema hakuna. Alirudi nyumbani. Aliona aibu, na aliogopa pia, kwani neno likitoka kisimani hufika kwa jumbe kabla ya jua kuzama, na kwa jumbe hufika kwa askari. Angemwambia mama yake, mama angepata njia nyingine. Hakumwambia. Kesho yake aliingia chumbani, akatazama sakafu, akatazama kikapu, akaona safari ya korongoni ni ndefu na ni mbaya. Akachukua mchanga mkavu uani, akaumwaga juu ya mavi, akausawazisha kwa mguu. Sakafu ikapendeza kuliko hata alipokuwa akiifagia.

Mama yake aliporudi jioni, amechoka, mgongo umempinda, aliuliza kama alivyouliza kila siku, "Umefagia?"

"Nimefagia, mama."

Haikuwa ngumu. Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Siku ya kumi Lydia alikuwa hakumbuki tena kwamba ni uongo. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, mavi, mchanga, mavi, mchanga, na sakafu ikawa inapanda kidogokidogo. Raheli aliondoka gizani na kurudi gizani, msimu wa kutayarisha mashamba ndivyo ulivyo, na chumba kile alikuwa hakiingii. Kwenye jiwe lake karibu na mlango wa ndani, Bibi Mgeni alisaga. Mara mojamoja alisimamisha jiwe na kugeuza kichwa, kama mtu anayesikiliza kitu, kisha akaendelea.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ya kwanza ilinyesha usiku mmoja, kubwa, na paa likavuja. Maji yalidondoka chumba cha ndani hadi asubuhi. Siku zilizofuata jua likawa kali, na chumba kile kisicho na tobo kikawa kama chungu kilichofunikwa. Lydia akifungua mlango, harufu ilimpiga usoni kama kofi, ikamwingia puani na machoni. Akawa anawatupia kuku pumba kutoka mlangoni, anafunga haraka. Mama yake alipouliza harufu ile, akajibu kwamba ni mvua. Katika tembe ambamo ndama nao hulala, nani angebishana?

Siku ya tano baada ya mvua, tetea mweupe alitoka mlango ulipofunguliwa, akaenda moja kwa moja kugonga chungu cha maji. Akarudi nyuma, akakigonga tena. Lydia alimkamata. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba, yanatoa machozi, na ndani, pale penye weusi, palikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mtama. Lydia alipunga mkono mbele yake, kuku hakushtuka.

Kufikia mwisho wa juma walikuwa kumi na sita hivyo. Walisimama wameinamisha vichwa, wakifikicha macho kwenye mabawa yao. Ukiwamwagia punje walidonoa mahali ilipoangukia sauti, wakakosa, wakadonoa tena, wakachoka. Wawili walikufa kwa njaa huku pumba ziko miguuni mwao. Wengine wawili Raheli akawachinja kabla hawajakonda mno, na hakuna aliyekula nyama ile kwa furaha. Aliwaosha waliobaki macho kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na asubuhi na jioni akawarudisha kwenye chumba kilekile.

Ndipo alipoingia baba mdogo Yotham.

Yotham alikuwa mdogo wake Matonya, na alikaa upande wa pili wa tembe na mkewe na watoto wanne. Tangu kaka yake achukuliwe, yeye ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto wanne na kilindo kitupu, na hofu ilikuwa imemkausha. Alimshika tetea mweupe, akamtazama machoni muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini nani katika nyumba hii ni kipofu.

Raheli aligeuka kutazama jiwe la kusagia.

"Shemeji, mimi nimeona," alimwambia Raheli. "Kila jioni yule kizee anaomba aletewe kuku. Anampakata, anampapasa kichwa, anamnusa. Na kesho yake kuku haoni. Upofu haudondoki na mvua."

Ilikuwa kweli kwamba Bibi Mgeni aliwapakata na kuwanusa. Majirani wa kuaminika walioitwa kusikiliza walitikisa vichwa. Mmoja akakumbuka kwamba mwanawe alikaa karibu na kizee huyo mwaka jana, na macho yakamwuma. Mwingine akasema mtu asiye na ukoo hana wa kumzuia. Leo kuku, kesho watoto. Raheli alipinga. Alisema huyo mama amesaga unga wa nyumba hii tangu yeye hajaolewa. Lakini alikuwa mwanamke peke yake kati ya watu wengi, mume hayupo, na kuku wake walikuwa wakifa mbele ya macho yake bila sababu anayoijua. Mwishowe alimgeukia binti yake.

"Lydia. Chumbani unasafisha? Kila siku?"

Watu wote walimtazama. Bibi Mgeni alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, mikono imetulia juu ya magoti, uso umeelekea pale sauti ya Lydia ingetokea.

"Kila siku, mama," alisema Lydia.

Bibi Mgeni aliinamisha kichwa, akaanza kukung'uta unga kwenye vidole vyake.

Wakaamua kwamba kesho Yotham atampeleka relini, akatafute watu wake. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba watu wake hawapo, na kwamba kizee kipofu relini mwaka wa vita hatafutwi na mtu ila fisi. Lakini neno "akatafute watu wake" lilisemeka kirahisi, na wakalisema.

Asubuhi Yotham alimshika ncha ya fimbo yake, akamwongoza. Alichukua kibuyu kimoja cha maji na kifurushi cha unga ambacho Raheli alikifunga bila kumtazama mtu. Mlangoni Bibi Mgeni alisimama. Alipapasa ukuta wa tembe kwa kiganja, akaupigapiga mara mbili kama mtu anayemuaga ng'ombe, na akainama kutoka. Lydia alikuwa nyuma ya mlango. Alifungua kinywa. Kikabaki wazi hivyo hadi nyayo zikapotea.

Raheli akaenda shamba, kwa sababu shamba halingoji. Lydia akabaki na jiwe la kusagia ambalo halikuwa na mtu. Nyumba ilikuwa kimya kuliko alivyopata kuisikia. Hakuweza kukaa. Akatwaa kile kipande cha jembe, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango nyuma yake, akaanza kuchimba.

Alichimba mahali pamoja tu, akitafuta sakafu. Juu palikuwa na mchanga mkavu, chini yake mavi mabichi, chini yake mchanga, kisha mavi tena, yameoza, meusi, yameloweshwa na mvua, yana joto kama kitu kinachopumua. Kila alipovunja tabaka moja, harufu ilipanda kali zaidi. Macho yakaanza kumwasha. Akayafumba, akayafumbua, yakawaka kama yametiwa pilipili. Machozi yakamtiririka hadi akawa haoni mkono wake. Akapapasa ukuta kutafuta mlango, akaukosa. Kuku mmoja akampanda mguuni, naye haoni. Hapo, katika giza hilo, wakiwa vipofu wote wawili, Lydia akaelewa kilichowapata kuku.

Alipoupata mlango alitoka nje akitambaa. Mwishowe aliweza kutazama, na alichokitazama ni tetea wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, aliyekuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa safi, yamemkodolea. Huyo peke yake ndiye aliyezoea kulala juu ya kilindo, karibu na dari, mbali na sakafu.

Lydia alikimbia hadi shambani. Mama yake alipomwona anakuja, macho mekundu, amejaa mavi hadi magotini, alidhani askari wamefika. Lydia alimweleza yote pale katikati ya matuta: kisima, Loisi, mchanga, na kila jioni aliposema amefagia. Alingoja kofi. Raheli hakumpiga. Aliuliza swali moja tu, kama kishingo haumwi, kisha akalitupa jembe chini na kushika njia ya kwenda relini, na Lydia akamfuata mbio.

Katikati ya njia walikutana na Yotham akirudi. Alikuwa peke yake na alitembea ukingoni mwa njia, hatazami mbele. Raheli alimwambia maneno machache. Yotham alisikiliza. Alinyoosha kidole tu upande alikomwacha kizee.

Walimkuta saa sita, jua liko utosini. Alikuwa amekaa kwenye kokoto za tuta la reli, kitambaa kichwani, kiganja kimoja amekibandika juu ya chuma. Miiba ilikuwa imempasua mguu wa kushoto na damu ilikuwa imekauka. Kibuyu kilikuwa kimelala ubavuni mwake, kimemwagika.

"Shikamoo, bibi," alisema Lydia.

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa imekauka kama ganda. "Nimeshika chuma hiki kwa sababu kinatetemeka kabla gari halijafika. Nilitaka kujua mapema." Hakusema alitaka kujua mapema ili afanye nini. Kisha akauliza, "Umekuja kunichukua, au umekuja kusema?"

Lydia alipiga magoti kwenye kokoto. "Nimekuja kusema. Sikufagia, bibi. Nilifukia."

Raheli alimpa kizee maji ya kibuyu chake cha shamba, akanywa kidogo, akapumua.

"Najua," alisema. "Kukwangua kuna sauti yake, kwaru, kwaru. Mchanga ukimwagwa una sauti nyingine. Kila asubuhi sikio langu lilisikia unafukia, na kila jioni kinywa chako kikasema umefagia. Nikadhani labda umechanganya maneno tena, kama ulipokuwa mdogo." Alitabasamu kidogo, lakini halikuwa tabasamu la kucheka. "Kisha nikawanusa kuku. Kwenye msafara nilikuwa nikibebesha watu kuku wa bwana kwenye matenga, na matenga yakifunikwa turubai siku za mvua bila kusafishwa, kuku walipofuka hivihivi. Mvuke wa mavi unakula macho. Aliye chini huumia kwanza."

"Kwa nini hukusema, mama?" Raheli aliuliza, na alikuwa analia sasa. "Kwa nini uliwaacha wakufukuze?"

"Ningesema nini? Wangesema mchawi anamsingizia mtoto. Aliyeweza kusema ni mmoja tu, na nilimngoja." Akamgeukia Lydia. "Hapa umesema, nami nimesikia. Lakini mimi nilikuwa ninajua. Nenda ukaseme mbele ya wale wasiojua."

Raheli alimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama kuni.

Jioni hiyo majirani waliitwa tena. Lydia alisimama uani palepale aliposema "kila siku," na akasema yaliyo kweli. Baadhi waliguna, mmoja alisema labda kizee kamroga mtoto azungumze hivyo. Yotham ndiye aliyenyanyuka. Hakubishana na mtu. Aliingia chumba cha ndani peke yake, akavuta mlango, akakaa humo muda wa kuvuta kiko. Alipotoka alikuwa amejishika macho kwa mikono miwili, machozi yanampita katikati ya vidole, na hakuweza kusimama wima. Yule jirani akanyamaza. Yotham alikwenda kwa kupapasa hadi kwenye jiwe la kusagia, akakaa chini mbele ya Bibi Mgeni, na alichomwambia alikisema kwa sauti ya chini, na kizee akamshika kichwa kama alivyokuwa akiwashika kuku.

Walifanya kazi siku mbili. Yotham alizibua tobo na kuziba paa. Lydia alikwangua mpaka akaufikia udongo mgumu wa sakafu, akabeba vikapu ishirini na vitatu hadi korongoni, mchana kweupe, na Loisi alipokunja pua Lydia aliendelea kutembea. Wakatengeneza uchaga wa miti, kuku wasilale chini. Majivu makavu yakamwagwa kila asubuhi.

Sita kati yao macho yalirudi polepole, ukungu ukapungua kama umande. Sita wengine hayakurudi tena. Na kishingo alikuwa kishingo, na macho yake safi.

Lakini tobo lililozibuliwa hutoa sauti. Kabla ya mwezi kwisha askari wawili waliingia uani bila kubisha, mmoja akainama kusikiliza, na wakaenda moja kwa moja hadi chumba cha ndani. Walichukua kuku saba wenye macho. Kishingo alikuwa wa kwanza kukamatwa. Vipofu sita waliwageuza, wakawatazama, na mmoja akasema hawa wana ugonjwa, bwana mkubwa akila atatupiga viboko. Wakawatupa chini na kuondoka. Habari za Matonya Raheli aliwauliza; walisema wapagazi ni wengi, nani anajua majina yao.

Usiku ule Lydia alikaa karibu na mama yake, akasema kama asingefukia, kuku wote wangekuwa wazima.

"Wangekuwa wazima, na labda wangechukuliwa wote," alijibu Raheli. "Hilo hatulijui. Tunalolijua ni kwamba umeharibu macho ya viumbe sita, na nusura umuue bibi yako. Usijifariji kwa askari."

Bibi Mgeni alikuwa amelala chali, mguu wake umefungwa majani. Mguu ule haukupona sawasawa. Hadi mwisho wa maisha yake alitembea akiuburuta.

"Mama yako amesema kweli," alisema. "Nami nitaongeza hili, kisha tusilitaje tena. Uchafu ukiufukia ndani ya nyumba, hauondoki. Unakaa chini ya mchanga mzuri, unachemka, na siku ya mvua unapanda. Na wanaoumia kwanza ni wale walio chini, wasio na pa kupanda. Uongo ni hivyohivyo. Wewe ulikuwa umesimama juu yake, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa nimelala chini."

Kesho yake Lydia aliamka kabla ya wote. Aliwatoa wale vipofu sita, akawagongea kigae, ko, ko, ko, kama bibi alivyomfundisha, nao wakafuata sauti hadi kwenye pumba zao, wakala. Wawili kati yao walikuwa wameanza tena kutaga. Kisha akaingia chumba cha ndani na kile kipande cha jembe.

Raheli alikuwa mlangoni, jembe begani. Aliuliza kama alivyouliza kila siku, "Umefagia?"

Lydia alikuwa bado ameinama, hajajibu. Kwenye jiwe la kusagia, Bibi Mgeni alisimamisha mikono na kugeuza kichwa. Kutoka ndani ilisikika kwaru, kwaru, chuma juu ya udongo mgumu.

"Nenda shamba, Raheli," alisema kizee. "Leo anafagia."